Kuvua Ngisi wa Humboldt Usiku Katika Boti Iliyojaa Watu: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu unahusu uvuvi wa ngisi wa Humboldt katika boti za kukodi za kusini mwa California, zile zinazong'oa nanga jioni kutoka San Diego, Oceanside, Dana Point na Newport Beach na kurudi karibu na saa sita usiku. Umeandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye pengine ameshavua kwa mshipi katika mwambao wa Afrika Mashariki au kwingineko, lakini hajawahi kusimama ukingoni mwa boti moja pamoja na watu arobaini au hamsini, kila mmoja akiwa na mshipi wake majini, huku mnyama wa kilo kumi na tano akikata mbio za ubavu chini ya mishipi yote hiyo. Katika boti ya namna hiyo nguvu za mikono husaidia kidogo sana. Anayejaza gunia ni yule anayejua chambo chake kiko kina gani, anayeuweka mshipi wake umekaza wakati wote, na anayekubali kutembea na kupisha wenzake.

Mnyama unayemfuata

Ngisi huyu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Dosidicus gigas, huishi mashariki mwa Bahari ya Pasifiki, kuanzia Chile hadi California, na katika baadhi ya miaka huonekana hata Alaska. Aliyekomaa kabisa anaweza kufikia kilo 50, ingawa wengi wanaopandishwa katika boti za California huwa kati ya kilo 5 na 20. Huishi takriban mwaka mmoja, wachache hufikia miwili, na katika muda huo mfupi hukua kutoka kiumbe kidogo kuliko punje ya mchele hadi mnyama anayehitaji watu wawili kumpandisha. Ndiyo maana hula bila kuchoka, na ndiyo maana huwala hata ngisi wenzake.

Mchana hukaa mamia ya mita chini ya bahari, mahali penye oksijeni kidogo ambapo maadui wake wengi hawawezi kudumu. Jua likizama hupanda juu kufuata samaki wadogo wanaong'aa gizani, nao pia hupanda kila usiku. Uvuvi wote ninaoueleza hapa unategemea safari hiyo ya kila siku: tunamngoja njiani anapopanda, kisha tunajaribu kumzuia asishuke tena.

Ana mikono minane mifupi na minyiri miwili mirefu ambayo huirusha ghafla kukamata mawindo. Kila kinyonyo kina pete ngumu yenye meno madogo makali, na katikati ya mikono kuna mdomo mgumu unaofanana na wa kasuku, wenye uwezo wa kukata nyama ya kidole. Sifa hii si ya kutisha watu, bali ni sababu ya kanuni kadhaa nitakazozieleza mbele.

Kabla ya kulipa nauli

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba ngisi wapo. Hana msimu wa kuaminika kama ule wa dagaa wetu. Alionekana kwa wingi California wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, akarudi kuanzia 2002 na kuonekana kwa miaka kadhaa hadi Monterey na zaidi, na mwanzoni mwa 2010 boti za Newport Beach zilikuwa zikirudi na magunia yaliyojaa. Kisha akatoweka. Huko Santa Rosalía, katika Ghuba ya California upande wa Meksiko, wavuvi wa mashua ndogo waliomtegemea kwa miaka mingi walishuhudia ngisi wakipungua ukubwa na biashara ikiporomoka baada ya El Niño ya 2009 na 2010. Kwa hiyo usinunue tiketi kwa kuangalia kalenda wala kwa kukumbuka ulichosikia mwaka juzi. Piga simu bandarini na uulize maswali matatu: ngisi walipatikana lini mara ya mwisho, walikuwa kina gani, na boti itabeba watu wangapi.

Swali la tatu lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Boti hizi huuza nafasi mtu mmoja mmoja, na boti ileile inaweza kutoka na watu 25 usiku mmoja na 60 usiku unaofuata. Kama kuna safari yenye idadi iliyopunguzwa kwa nauli ya juu kidogo, mimi ningelipa ile ya juu, hasa kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, kwa sababu nafasi ya kutosha ukingoni humsaidia mgeni kuliko kifaa chochote cha bei.

Leseni ni lazima. Katika California kila mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anayevua ndani ya boti anatakiwa kuwa na leseni ya uvuvi wa burudani, na ipo ya siku moja kwa wageni. Soma pia kanuni za mwaka huo za Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo, kwa kuwa hubadilika. Moja isiyobadilika ni kwamba kuacha samaki aliyevuliwa aharibike ni kosa la kisheria, nami nitairudia hoja hii tukifika kwenye idadi.

Mwezi nao uuangalie. Wavuvi wa dagaa wa Unguja na Pemba, wanaotumia taa, huyangoja majuma ya giza kwa sababu mbalamwezi huifanya taa yao isiwe na mvuto. Hali ni hiyohiyo hapa: taa za boti hung'aa zaidi machoni pa viumbe vya bahari usiku wa giza, na wavuvi wengi huuepuka mwezi mpevu wakiwa na uhuru wa kuchagua.

Vifaa

Unahitaji fimbo fupi na ngumu, ya futi sita hadi saba, pamoja na rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, lenye meno imara na breki isiyokwamakwama. Mshipi wa nguvu ya pauni 40 hadi 50 unatosha. Mwishoni mwake funga kipande cha mshipi mnene wa pauni 80 au zaidi chenye urefu wa mita moja hivi, kwa kuwa vile vinyonyo vyenye meno huusugua mshipi kila ngisi anapoukumbatia. Kama huna vifaa, vikodi bandarini. Vya kukodi huwa vya kawaida lakini vinaifanya kazi hii vizuri.

Chambo chenyewe ni cha bandia: bomba la plastiki linalong'aa gizani, refu kama kiganja au zaidi, lenye uzito ndani na safu mbili au zaidi za miba iliyopinda kuelekea juu. Miba hiyo haina vichomeo vya kurudi nyuma kama ndoana ya kawaida, na hapa ndipo penye siri ya uvuvi wote huu: kinachomshikilia ngisi ni mkazo wa mshipi peke yake. Ukilegeza kwa sekunde moja, amekwenda. Nunua vyambo visivyopungua vitatu, vyenye uzito wa gramu 300 hadi 500, na uulize mabaharia wa boti hiyo wanatumia uzito gani, kisha utumie huohuo. Mtu mwenye chambo chepesi katikati ya watu wenye vyambo vizito huchukuliwa na mkondo kwa pembe tofauti na kuisokota mishipi ya nusu ya ubavu mzima wa boti.

Beba tochi ya kichwani yenye mwanga unaoweza kupunguzwa, koti la mvua, suruali ya mvua, buti za mpira, glavu zenye mshiko, na nguo za ndani za joto, kwa kuwa maji ya huko wakati wa baridi huwa karibu na nyuzi 14 za Selsiasi na upepo wa usiku hukata. Vaa nguo ambazo hutasikitika zikipata wino. Anayevaa miwani aifunge kwa kamba. Sanduku la barafu liache ndani ya gari. Ndani ya boti hutumika gunia lenye namba yako.

Anayelevywa na bahari anywe dawa yake saa moja kabla ya kupanda, si baada ya tumbo kuanza kugeuka, na ale chakula chepesi kisicho na mafuta mengi.

Kupanda na kuchagua mahali

Fika mapema. Jiandikishe, pokea namba yako, na usikilize maelezo ya usalama hadi mwisho, hata kama wazoefu wanaendelea kuzungumza: utaambiwa majaketi ya kuokolea yalipo, mahali pasipokanyagwa, na namna ya kuita msaada.

Ukipewa uhuru wa kuchagua, simama kwenye kona ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, kwa sababu kutoka hapo unaweza kumfuata ngisi akienda kulia au kushoto. Lakini nafasi hiyo huwahiwa na wazoefu, kwa hiyo ni muhimu zaidi kujua upepo. Boti inapoachwa ielee, upepo huisukuma. Mishipi ya upande wa joshini, yaani unakotokea upepo, huenda mbali na boti, na hapo kuvua ni rahisi. Mishipi ya upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, huingia chini ya boti, ikajisugua kwenye ubavu na kukutana na ya wenzao wa upande wa pili. Ukijikuta demani, sogea taratibu kuelekea omo, yaani mbele ya boti, au tezi ambako kuna nafasi ya kuuzungusha mshipi wako, au ngoja. Nahodha akihama na kuanza upya, pande zinaweza kubadilika.

Ikaze breki ya rili kabla hujafika mahali pa kuvulia. Vuta mshipi kwa mkono: unatakiwa utoke kwa shida lakini bila kushtuka. Ikibana mno, ngisi akirusha maji kwa nguvu ili akimbie, mara moja miba itachana nyama yake na atachomoka.

Kushusha chambo

Nahodha huzungukazunguka akitazama mtambo unaotumia mwangwi wa sauti kupima kina. Akiwaona ngisi huzima au kupunguza injini, taa kubwa huwashwa, na hutangaza kina kwa kipaza sauti, kwa mfano futi 300. Usishushe kabla ya tangazo. Kimulike chambo chako kwa tochi kwa nusu dakika hadi king'ae vizuri, ukikiweka karibu na kifua ili usiwapige wenzako macho kwa mwanga, kisha kishushe moja kwa moja chini huku kidole gumba kikiwa juu ya mshipi.

Kujua kina ndiko kunakowatenganisha wanaopata na wanaokosa. Mishipi mingine huwa na rangi inayobadilika kila baada ya futi kadhaa, na kuhesabu rangi ni rahisi. Kama wako hauna, teremsha kwa mvuto mmoja mmoja wa mkono mahali pa kwanza, upime ni mivuto mingapi inafikisha futi mia, halafu uhesabu kimyakimya kila unaposhusha. Ngisi wa kwanza akipatikana upande wowote wa boti, uliza kwa sauti amepatikana kina gani, na mtu yeyote akikuuliza, mjibu. Desturi hii ya kuambiana huwanufaisha wote, kwa kuwa kundi zima hupanda likiwafuata walionaswa.

Kikifika kina kinachotakiwa, inua fimbo polepole kama mita moja, kisha ishushe ukiufuata mshipi bila kuulegeza. Mara nyingi ngisi hukamata chambo kinaposhuka. Usitarajie mdonoo wa samaki. Utahisi uzito tu, mithili ya tambara zito lililolowa maji, au mshipi utaacha kushuka kabla ya wakati. Hapo usikurupuke kuvuta kwa nguvu. Zungusha rili mara tatu nne upesi hadi fimbo ipinde, na tangu hapo usisimame.

Kumpandisha katikati ya msongamano

Hapa ndipo uvuvi wa boti iliyojaa unapotofautiana na ule wa mtu aliye peke yake katika ngalawa. Wapo wanaopampu fimbo, wakiinua juu na kuirudisha chini huku wakikunja. Kwa samaki aliyenaswa na ndoana ni sawa. Kwa ngisi ni kosa, kwa sababu kila fimbo inaporudi chini mshipi hulegea na miba huteleza. Iweke fimbo yako imetulia kwa pembe moja, na ukunje kwa mwendo wa kudumu. Akirusha maji na kukimbia, acha breki ifanye kazi, usilazimishe, lakini mkono usiondoke kwenye kishikio.

Mshipi unapoanza kuelekea ubavuni, ufuate. Tembea ukisema kwa sauti kwamba unapita, ukipeleka fimbo yako juu au chini ya fimbo za wenzako kulingana na mshipi upi uko mbele na upi uko nyuma. Anayepita na anayepishwa wote wana wajibu: anayepishwa ainue au ashushe fimbo yake na arudi hatua moja nyuma. Anayekataa kutembea na kung'ang'ania mahali pake atasokotana na watu watano, na ngisi wake atapotea pamoja na wa kwao.

Mishipi ikisokotana, kila mmoja aache kukunja mara moja. Mwite baharia. Yeye huangalia ni mshipi upi wenye ngisi, huuacha huo ukazwe, na kulegeza mingine. Akisema ukate, kata; kipande cha mshipi na chambo ni gharama ndogo kuliko dakika kumi za watu wote wakati kundi liko chini yenu.

Usikawie njiani. Ngisi aliyenaswa hushambuliwa na wenzake, na ukipumzika katikati unaweza kupandisha kichwa na kipande cha mwili tu. Akikaribia juu utamwona kwenye mwanga wa taa akibadilika kutoka wekundu mzito hadi weupe na kurudi tena, mara kadhaa kwa pumzi moja, na nyuma yake huenda ukaona vivuli vingine vikija. Wanapofika juu namna hiyo, acheni kushusha hadi kina cha mwanzo: futi 30 au 50 zinatosha. Ni vema pia kuhakikisha kuna chambo au ngisi aliyenaswa majini wakati wote, ili kundi lisipoteze hamu na kurudi chini.

Kulabu na sitaha

Ngisi akifika juu ya maji, usimwinue kwa fimbo. Ita kwa sauti uletewe kulabu, yaani ndoana kubwa yenye mpini mrefu, mweke akiwa bado majini, na umpe nafasi ya kutema. Chini ya kichwa ana bomba analotumia kurushia maji na wino, na humwaga vyote anapohisi hewa. Baharia mzoefu hungoja atoe sehemu kubwa ya maji hayo nje ya boti, kisha humpiga kulabu na kumwingiza bomba likiwa limeelekea baharini. Wewe kazi yako ni kuuweka mshipi umekaza na kurudi nyuma hatua mbili.

Akiwa sitahani, usipeleke mkono karibu na mikono yake. Mshike kwa nyuma, kwenye mwili, si kichwani. Kumtoa kwenye chambo ni rahisi: geuza chambo juu chini ili miba ielekee ardhini, naye atateleza kwa uzito wake mwenyewe. Mtie ndani ya gunia lako mara moja. Aliyeachwa sitahani hurusha wino kwenye miguu ya watu, na sitaha yenye wino na ute huangusha mtu mzima kwa kishindo. Mabaharia huimwagia sitaha maji mara kwa mara. Wapishe wafanye kazi hiyo.

Wangapi watoshe

Kundi likipanda, kila mtu hupata ngisi kwa haraka, na hapo ndipo watu husahau kufikiri. Ngisi mmoja wa kilo kumi hutoa nyama ya familia kwa siku kadhaa. Nimeona masikitiko ya kweli bandarini boti zinaporudi: watu wenye magunia matatu ambao hawana barafu, hawana friza kubwa, na hawana jamaa wa kuwagawia. Amua idadi yako kabla ya kupanda, kwa kupima friza yako na watu utakaowapelekea. Ukiifikia, weka fimbo yako mahali pake na umsaidie jirani aliyekosa, hasa mtoto au mgeni.

Usisahau bahashishi ya mabaharia mwishoni. Katika boti za huko ni desturi kutoa asilimia 15 hadi 20 ya nauli, na usiku wa ngisi ni wa kazi ngumu kuliko nyingine zote.

Kusafisha na kupika

Mabaharia wengi hukusafishia kwa malipo wakati boti ikirudi. Ukitaka kufanya mwenyewe, vuta kichwa na matumbo yatoke pamoja, taratibu ili mfuko wa wino usipasuke. Chomoa ule uti mrefu mwembamba unaopenyeza mwanga ulio ndani ya mgongo. Pasua mwili kwa urefu, uufungue kama mkeka, kisha uondoe ngozi ya nje na utando wa pande zote mbili. Utando ukibaki, nyama hujikunja na kuwa ngumu mdomoni. Tumia maji ya bahari au ya chumvi kuoshea, na nyama isikae moja kwa moja ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka. Ifunge kwenye mifuko kwanza.

Nyama hii ina ladha ya uchungu na uchachu kidogo inayotokana na chumvi za amonia zilizomo mwilini mwake, na hapa ndipo wengi waliozoea ngisi wadogo wa pwani hukata tamaa. Ikate vipande vya unene wa sentimita moja, viloweke kwenye maziwa, au kwenye maji ya chumvi na ndimu, kwa saa kadhaa ndani ya friji, ukibadilisha mara moja. Kisha vipige kwa nyundo ya nyama kama pweza anavyopigwa kabla ya kupikwa. Baada ya hapo kuna njia mbili tu: kaanga kwa moto mkali kwa dakika moja au mbili, au chemsha kwa moto mdogo hadi ilainike kabisa, halafu umalizie kwa tui zito, kitunguu, nyanya na bizari. Muda wa katikati ya hapo huleta mpira.

Kinachobaki kigandishe kikiwa kimekatwa na kulazwa bapa, vipande vya mlo mmoja katika kila mfuko, hewa ikiwa imetolewa yote. Kuganda nako huilainisha nyama, kwa hiyo vipande vya wiki ya pili mara nyingi huwa laini kuliko vya usiku wa kwanza.